Visoda Kumi na Swali Zuri: Michezo Inayofundisha Darasa la Awali

Mwambie mtoto wa miaka mitano ahesabu, naye atakwenda moja mpaka ishirini bila kupumua, na wote waliopo watampigia makofi. Sasa mwekee mbele yake visoda kumi, umwambie: "Nipe vitano." Wapo watakaochota kiganja kizima na kukukabidhi kwa furaha. Wengine wataanza vizuri, moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha wapitilize sita, saba, nane mpaka visoda viishe. Watoto hawa hawana kasoro yoyote. Wameshika wimbo wa namba, lakini namba yenyewe bado.

Kwa mwalimu wa awali, jaribio hilo la dakika moja linasema mengi kuliko daftari lililojaa tarakimu zilizonakiliwa kutoka ubaoni. Linaonyesha mtoto amefika wapi, na kwa hiyo linaonyesha mchezo gani umfuate. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa. Mchezo hufundisha pale unapobeba wazo moja mahususi, mkono wa mtoto ukalishughulikia wazo hilo, na mwalimu akauliza swali linalomlazimu mtoto kufikiri. Vikikosekana hivyo, hata zana za bei ghali hubaki kuwa mapambo ya ukutani.

Kuhesabu kuna kanuni zake

Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walichapisha kitabu kuhusu namna mtoto mdogo anavyoielewa namba. Walibainisha kanuni tano ambazo mtoto anazihitaji ili kuhesabu kwake kuwe na maana. Ya kwanza, kila kitu hupewa namba moja tu, hakirukwi wala hakihesabiwi mara mbili. Ya pili, namba hufuatana kwa mpangilio uleule kila siku. Ya tatu, namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vitu vyote. Ya nne, chochote kinahesabika, kiwe kisoda, mbuzi au mlio wa ngoma. Ya tano, uanzie kulia, kushoto au katikati, idadi haibadiliki.

Mtu mzima huyaona haya kuwa wazi mno kiasi cha kutostahili kufundishwa. Mtazame basi mtoto anayehesabu visoda vilivyotawanyika mkekani. Mdomo unatangulia kidole, au kidole kinatangulia mdomo. Kisoda cha pembeni kinahesabiwa mara mbili, na cha katikati kinasahaulika. Umeuliza viko vingapi, anajibu tisa. Ukiuliza tena, anaanza upya na kupata kumi na moja, wala hashangai kwamba majibu mawili yametofautiana. Huyu bado anatafuta kanuni ya kwanza na ya tatu.

Kumwambia "umekosea" hakumsaidii. Kinachomsaidia ni trei ya mayai. Trei tunayoizoea madukani ina matundu 30, safu sita za matundu matano. Kata safu mbili, nawe umepata matundu kumi. Sharti la mchezo ni moja: kila tundu kisoda kimoja, na kila kisoda kinapoingia, namba moja inatamkwa. Tundu linamlazimu mtoto kufanya kile ambacho kidole chake kilikuwa kinakosea, kwa sababu kisoda kilichokwisha kuingia hakiwezi kuhesabiwa tena.

Baada ya siku chache trei hiyo huanza kufundisha jambo la pili. Safu ya kwanza ikijaa, mtoto anaona tano bila kuhesabu. Akiongeza viwili kwenye safu ya pili, anaona saba kuwa ni tano na mbili. Muulize, "Matundu mangapi yamebaki wazi?" na tayari yuko kwenye kutoa. Trei ikijaa na visoda vitatu vikabaki nje, anachokiona ndicho anachokitamka: kumi na tatu. Hapo hakuna cha kukariri.

Njia ya namba

Mchezo wa pili unahitaji chaki, au kijiti na uwanja wa mchanga. Chora visanduku kumi kwa mstari mmoja, uandike 1 mpaka 10 kutoka kushoto kwenda kulia. Wachezaji wawili wanatosha, kila mmoja na kokoto yake. Badala ya dadu, rusha kisoda juu. Kikianguka chali, mchezaji anasogea kisanduku kimoja. Kikianguka kifudifudi, viwili. Anayefika kumi kwanza ndiye mshindi.

Mchezo wa aina hii ulifanyiwa utafiti nchini Marekani na Geetha Ramani na Robert Siegler, waliochapisha matokeo yao mwaka 2008. Watoto wa chekechea kutoka familia zenye kipato kidogo waligawanywa. Baadhi walicheza kwenye ubao wenye visanduku vya namba 1 mpaka 10, na wengine walicheza mchezo uleule kwenye visanduku vyenye rangi tu. Walikuwa na vipindi vinne vifupi ndani ya wiki mbili. Waliocheza kwenye namba waliendelea vizuri zaidi katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kujua ipi kubwa kati ya namba mbili, na wiki tisa baadaye faida hiyo ilikuwa bado ipo. Kwa wale wa rangi haikuwa hivyo. Makundi yote mawili yalicheza na kusogeza kete, lakini ni moja tu lililokuwa na wazo la namba ndani ya mchezo wake.

Kuna sharti dogo ambalo walimu wengi hulisahau. Mtoto aliye kwenye kisanduku cha 3, akipata hatua mbili, asiseme "moja, mbili." Aseme "nne, tano," kulingana na visanduku anavyovikanyaga au anavyosogezea kokoto yake. Akihesabu "moja, mbili" kila zamu, mchezo mzima utamfundisha moja na mbili, ambazo anazijua tangu zamani. Akisema "nne, tano," anajifunza kuendeleza hesabu kutoka alipo, na huo ndio mlango wa kujumlisha.

Sikio kabla ya jicho

Kusoma nako kuna michezo yake. Lugha yetu imetupendelea, maana ina irabu tano tu, herufi zake husomeka karibu kila mahali kwa sauti ileile, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Hata hivyo mtoto anayeonyeshwa "ba be bi bo bu" ubaoni bila kuwahi kuzisikia silabi ndani ya maneno yake mwenyewe anakariri picha tu.

Anza na makofi. Mtoto ataje jina lake, darasa lipige kofi kwa kila silabi. Kisha vitu vya darasani: ki-a-tu, makofi matatu, me-za, mawili. Weka na mtego: m-to-to. Wapo watakaopiga mawili na watakaopiga matatu. Waache wabishane kidogo, kisha mlitamke neno polepole pamoja mpaka wote wasikie kuwa hiyo "m" inasimama peke yake. Mabishano hayo ya dakika mbili yana thamani kubwa kuliko kurudia neno mara ishirini.

Sikio likishazoea, leta kadi. Kata boksi la sabuni vipande vinane, uandike ma, ba, ka na la, kila silabi kwenye kadi mbili. Kwa kadi hizo pekee mtoto anaunda mama, baba, kaka, lala, kama, kala. Ongeza kadi moja ya pa, naye atagundua paka peke yake na kuliita darasa zima lije kuona. Akiunda "lama" au "bala," mwulize, "Neno hilo lina maana gani?" Atajifunza kwamba kusoma ni kutafuta maana, wala si kutoa sauti tu.

Kwa umbo la herufi, tunaweza kumfuata Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma Januari 6, 1907. Alikata herufi za msasa, akawaacha watoto wazifuate kwa vidole. Hapa kwetu, uji mzito wa muhogo ni gundi nzuri. Chora herufi kwa uji huo juu ya kadi, nyunyiza mchanga mkavu, acha ikauke. Kidole cha mtoto kitapita njia ambayo baadaye penseli itapita.

Hazina iliyo uwanjani

Baadhi ya michezo bora tunayo tayari. Chukua mdako, ambao wasichana wengi wa Tanzania wamekulia nao. Mchezaji anarusha kete juu, na kabla haijatua anakokota kokoto kutoka kwenye kishimo, kisha anairusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Raundi ikimalizika, anabakiza mbili mbili, kisha tatu tatu. Ndani yake mna kuhesabu, kutoa na kupanga kwa mafungu, na mikono na macho yanafanya kazi pamoja. Mtoto wa awali hatamudu kasi ya dada yake, lakini anaweza kuanza kwa kuviringisha kete chini badala ya kuirusha. Mwalimu aongeze swali moja tu: "Shimoni zimebaki ngapi?"

Watoto wengi, mwalimu mmoja

Najua pingamizi linalofuata. Nchini Tanzania mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na tangu elimumsingi bila ada ianze kutekelezwa Januari 2016, madarasa mengi yamevuka idadi hiyo kwa mbali. Ni kweli, na ni mzigo mzito usiostahili kubezwa. Mchezo wa mikono hauwezi kuchezwa na watoto themanini kwa wakati mmoja mbele ya ubao mmoja.

Ndiyo maana kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zilizotengwa kwa michezo, zina umuhimu, ila zifanye kazi kweli. Ligawe darasa katika makundi, na kila kundi ligawanyike kuwa vikundi vidogo vya watoto wanne au watano kwenye mikeka. Kila siku kundi moja linakaa na mwalimu, na mengine yanacheza michezo ambayo watoto wameshaizoea. Kanuni ya kushika ni hii: mchezo mpya huanzia mkekani kwa mwalimu, na huenda kwenye kona pale tu watoto wanapoweza kuucheza bila msaada. Kona nyingi hugeuka fujo kwa sababu watoto wamepewa zana wasizojua sharti lake. Wakilijua, wao wenyewe humsimamia anayelivunja.

Utunzaji nao uwe sehemu ya somo. Kila mfuko wa kitambaa uwe na visoda kumi, na kikundi kivihesabu kabla ya kuanza na kabla ya kurudisha. Vikipatikana tisa, wote wanainama kukitafuta cha kumi. Mwalimu amepata somo la kuhesabu lenye sababu ya kweli, na zana zake zinadumu mwaka mzima.

Usalama hauna mjadala. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasipewe visoda, maharage wala kokoto ndogo, kwa sababu huishia mdomoni, puani au masikioni. Kwa wakubwa, visoda vyenye ncha kali vigongwe vilale, au vitumike vifuniko vya plastiki. Vyombo vilivyowahi kuwekwa dawa za wadudu visiingie darasani hata vikioshwa. Na mbegu zisiokotwe ovyo: za mbarika, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ni nzuri kwa macho lakini zina sumu kali.

Kinachofanya zana ifundishe

Pwani yetu ina ushahidi wake. Mpango wa shule za awali za Madrasa, uliofungua shule yake ya kwanza Mombasa katika miaka ya 1980 na kuenea Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya jamii zenyewe, walimu kutoka mitaa hiyohiyo, na zana zilizotengenezwa kwa vitu vya karibu. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto katika sehemu hizo tatu. Waliopitia shule za awali walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wa shule za Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi. Zana za bei nafuu hazikuwazuia. Nyuma yao walikuwapo walimu waliofundishwa namna ya kuzitumia.

Kwa hiyo kamati ya shule yenye fedha kidogo isizimalize kwenye michoro ya ukutani. Inunue mikeka, mikasi, kalamu za wino mzito na mifuko ya kitambaa, wazazi walete visoda, trei na maboksi, na mwalimu apewe muda wa kuandaa. Mwalimu naye ajizoeze maswali matatu: Umejuaje? Zimebaki ngapi? Je, ukiongeza kimoja? Akishauliza, anyamaze na kusubiri. Mtoto anahitaji muda wa kutazama mikono yake kabla jibu halijaja.

Mzazi anayetaka kujua mwanawe amejifunza nini, amwombe amfundishe mchezo aliocheza leo. Mtoto anayeweza kueleza sharti la mchezo, kumsahihisha baba yake anapohesabu kisoda kimoja mara mbili, na kusema kwa nini amemsahihisha, ameielewa namba na ameimudu lugha. Huyo yuko tayari kwa darasa la kwanza.