KUTU, ADUI WA MOTOKAA KUUKUU

Wazee walinena: Kikulacho ki nguoni mwako. Neno hili lamfaa sana mtu atakaye kuitengeneza upya motokaa kuukuu, maana adui yake hatoki mbali. Amejificha chini ya rangi yenyewe.

Mjini Arusha na katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru magari ya zamani hayajatoweka, hasa Land Rover. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa tamasha lao. Basi wengi hutamani kulifufua gari la baba au la babu lililolala mgombani. Jambo hili ni jema, lakini twapenda kuwaonya wasomaji wetu: kazi hii huchukua miezi mingi, na muda huo wote chuma kilichovuliwa rangi ki uchi. Mtu aweza kutumia fedha za mavuno mawili ya kahawa, kisha masika moja ikampokonya zote.

Kutu ni nini? Ni chuma kilichokutana na maji na hewa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haizaliwi. Chumvi huizidisha mbio. Kwa hiyo gari lililokaa Tanga au Dar es Salaam lataka kuchunguzwa zaidi. Hata jasho la mkono lina chumvi.

Hapa kwetu adui huyu ana wasaidizi watatu. Wa kwanza ni mvua za masika na vuli. Wa pili ni baridi: Arusha iko kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari, na usiku chuma hupoa kikatoa umande kama mtungi wa maji. Wa tatu ni vumbi la udongo wa volkano, laini kama unga, liingialo katika maungio na kushika unyevu.

Wengine husema Land Rover haina kutu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1948 mabati mengi ya bodi yake yalifanywa kwa aluminiamu. Lakini chesi ilikuwa ya chuma. Tena aluminiamu ikigusana na chuma, maji yakaingia kati, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Yafaa kutenga viwili hivi kwa rangi na mpira.

Sasa, kazi ifanywe hivi:

Kwanza, usivue rangi gari zima siku moja. Vua sehemu uwezayo kuimaliza kabla ya jua kutua. Rangi ya zamani huenda ina risasi, nayo ni sumu; funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

Pili, kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa hata chuma king'ae. Palipotoboka pakatwe, pachomelewe bati jipya. Usizibe tundu kwa puti, maana puti hunywa maji. Katika vijishimo paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kwa kufuata maelezo ya kopo.

Tatu, futa kwa thina, usiguse tena kwa mkono mtupu, kisha paka praima siku ile ile. Ngoja umande ukauke, kama saa nne asubuhi. Praima ya kawaida hupitisha maji. Ya epoksi huyazuia vizuri zaidi.

Nne, zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na chesi. Rangi ikiisha kukauka, pulizia nta katika nafasi za ndani zisizofikiwa na brashi.

Tano, liweke gari chini ya paa, juu ya magogo. Usilifunike kwa nailoni inayogusa bodi, kwa kuwa unyevu wa ardhi hupanda ukanaswa humo. Kitambaa kinachopitisha hewa chafaa zaidi.

Wako wapakao rangi juu ya kutu ili gari ling'ae upesi. Masika ikipita, rangi hufura malengelenge. Hiyo ni hasara ya fedha tu. Lakini chesi iliyoliwa ndani yaweza kuvunjika njiani, nalo gari limejaa watu. Rangi huficha, haiponyi. Afadhali gari lisilopendeza lenye chuma kizima kuliko ling'aalo lililooza.