Maji Taka Milimani: Shimo la Juu, Chemchemi ya Chini

Katika milima ya Usambara, nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko, na chemchemi tunazochota maji hutokea chini yake. Kwa sababu hiyo, maji taka ya kaya moja ni suala la kijiji kizima. Maji ya chooni, bafuni na jikoni yakipenya ardhini bila kusafishwa, huweza kufika kwenye chemchemi, kisha mabondeni tunakolima kabichi, karoti na nyanya. Kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo huenea kwa njia hiyo.

Vijiji vingi vya milimani havina mabomba ya kukusanya maji taka, na magari ya kunyonya hushindwa kupita katika njia nyembamba. Hivyo, usafishaji hufanyika papo hapo nyumbani, shuleni au zahanati, kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni tangi lisilovuja, lenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza huchukua takribani theluthi mbili ya ujazo wote. Humo uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta huelea, na bakteria wasiohitaji hewa huumeng'enya uchafu huo. Baridi hupunguza kasi ya bakteria hao. Kwa hiyo tangi la milimani linapaswa kuwa kubwa kuliko la ukanda wa pwani kwa idadi ileile ya watumiaji. Maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe humo, kwani huyasukuma maji machafu nje kabla ya wakati.

Hatua ya pili ni kitalu cha kokoto na matete. Maji yanayotoka kwenye tangi huonekana yametulia, lakini bado yana vimelea vingi. Hupitishwa katika kitalu kilichosakafiwa, chini ya uso wa kokoto, ili mbu wasizaliane. Bakteria wanaoishi kwenye kokoto na mizizi huendelea kuyasafisha. Mteremko hapa ni msaada: kitalu kikijengwa kwa ngazi, mfano wa matuta ya shambani, maji hushuka yenyewe bila pampu.

Hatua ya tatu ni shimo la kunyonyea, ambapo udongo hukamilisha kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa asilia au bwawa. Chemchemi nayo inastahili tahadhari hiyo. Hata baada ya hatua zote tatu, maji hayo si ya kunywa wala ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi.

Tangi likaguliwe kila mwaka na linyonywe tope linapofikia theluthi moja ya kina. Ni vyema basi lijengwe mahali ambapo gari au bomba lake litafika. Mtu yeyote asiingie ndani kulisafisha, kwani gesi iliyomo huua kwa dakika chache.

Mwananchi anayekusudia kujenga choo au tangi anashauriwa kumwona Afisa Afya wa kata yake kabla ya kuchimba. Kuhamisha alama ya shimo kwenye ramani hakugharimu chochote. Kuisafisha chemchemi iliyokwisha kuchafuliwa ni kazi ya miaka.