Mama Si Mkalimani

"Daktari, mkalimani wa nini na mamake yupo hapa?" Swali hili nimeulizwa na wauguzi, na makarani wa hospitali, na juzi na daktari mwenzangu mwenye shahada mbili. Leo najibu mara moja, anayetaka akate ukurasa huu aubandike ukutani.

Kijana kiziwi aliletwa kwangu na mamake kwa kuwa hali wala halali. Nikamwomba mama amuulize kama amewahi kuwaza kujiua. "Huyu? Hawezi," akasema, kabla hajainua mkono. Nilipong'ang'ana, alimwonyesha ishara mbili tatu. Kijana akajibu kwa mikono karibu dakika nzima. Kilichonifikia mimi: "Anasema amechoka." Nikamrudisha nyumbani kwa neno hilo. Wiki iliyofuata, mkalimani akiwepo na mama akiwa nje, nilielezwa ile dakika ilibeba nini: alikuwa amegawa nguo zake na kuwaaga marafiki. Yu hai, ila si kwa umahiri wangu.

Mama yule hakudanganya. Watoto viziwi zaidi ya 90 katika kila 100 huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajui lugha ya ishara. Walicho nacho ni ishara za nyumbani: kula, lala, njoo, acha. Kwa hizo mtachota maji na kuchunga mbuzi, lakini utasemaje "natamani kesho nisiamke"? Na hata anayeijua lugha barabara bado ni mzazi. Atapunguza makali, atameza aibu, atajibu kwa niaba ya mwanawe. Je, anayemuumiza kijana akiwa ni mjomba? Akiwa ni mama mwenyewe?

"Basi aandike." Lugha ya Ishara ya Kenya si Kiswahili wala Kiingereza cha mikono. Ina sarufi yake, na nyusi zimo ndani ya sarufi hiyo, hata katika kuuliza swali. Ndiyo maana faili za wagonjwa viziwi huandikwa "ana fujo" wakati mtu alikuwa anauliza swali tu. Kwa viziwi wengi maandishi ni lugha ya pili, waliyofundishwa bila kuisikia. Kusoma midomo? Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Nakusubiri.

Haya, la kufanya. Tafuta mkalimani aliyefunzwa na anayetunza siri, alipwe na hospitali. Akiwa mbali, simu ya video itatosha. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anamkubali, maana jamii ya viziwi ni ndogo na huenda wanajuana. Ndugu wangoje nje. Kaeni penye mwanga, umtazame mgonjwa, si mkalimani. Uliza waziwazi kuhusu kujiua. Swali halimtii mtu wazo hilo kichwani. Akikiri, asiachwe peke yake, na nyumbani dawa zote zifungiwe, za hospitali na za shamba. Nanyi wenye laini za msaada, kiziwi hapigi simu: wekeni ujumbe mfupi na video.

Sheria si kisingizio tena. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Katiba yenyewe, ya 2010, inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara katika Ibara ya 54, na katika Ibara ya 120 inaifanya lugha rasmi ya Bunge. Kwa hiyo mheshimiwa akizungumzia bei ya sukari, lugha ya ishara ina kiti chake.

Kliniki yangu ina mkalimani Jumanne asubuhi tu. Siku nyingine bado naletewa akina mama.