Plagi za injini ya tabo: uliza namba kwanza, bei baadaye

Wadau, tangu Subaru za tabo zianze kumiminika kutoka Japani, mitaa ya Dar, Arusha na Nairobi haina usingizi kwa milio ya ekzosi. Wakenya ndio usiseme. Mwaka 2000 Richard Burns alishinda Safari Rally akiwa na Impreza, na gari hilo bado ni ndoto ya vijana wengi. Sawa, kila mtu na starehe yake. Tatizo linaanza mtu akishapata gari: anabadilisha ekzosi, anaongeza presha ya tabo, halafu anakwenda duka la spea na kuomba "plagi kali". Muuzaji anamtolea za iridiamu kwa sababu ndizo za bei ya juu. Pesa inatoka, plagi zinafungwa, na hakuna aliyeuliza namba.

Hiyo namba ndiyo inaweza kukuachia injini au kukutobolea pistoni. Tuielewe vizuri.

Plagi ina kazi mbili

Kazi ya kwanza kila mtu anaijua: kutoa cheche. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche angalau mara 50 kwa sekunde. Kazi ya pili wengi hawaijui: kutoa joto. Ndani ya silinda moto unapita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na ncha ya plagi iko katikati yake. Joto hilo linapita kwenye kauri nyeupe, linaingia kwenye bodi ya chuma, linakwenda kwenye kichwa cha injini na mwisho linabebwa na maji ya rejeta.

Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzi 500 na 800 hivi. Ikiwa chini ya hapo, haiwezi kuunguza masizi, kwa hiyo inajaa weusi na injini inamisi. Ikizidi sana, ncha inakuwa kaa la moto: inawasha petroli kabla cheche haijapigwa, wakati pistoni bado inapanda. Fikiria unasukuma mlango na mwenzako anausukuma kutoka upande wa pili kwa nguvu zote. Pistoni haidumu kwenye hali hiyo. Inaweza kuyeyuka katikati, au kupasuka pale inaposhikilia ringi.

Plagi "ya moto" na plagi "ya baridi"

Hapa ndipo namba inapoingia. Plagi ya moto ina kauri ndefu kwenye ncha, joto linachelewa kutoka. Plagi ya baridi ina kauri fupi, joto linatoka haraka. Haina uhusiano na ukubwa wa cheche, na wala haipoozi injini. Inapooza ncha yake yenyewe tu.

Kwenye NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. NGK 6 inakaribiana na Denso 20, NGK 7 na Denso 22, NGK 8 na Denso 24. Lakini angalieni jamani: kwenye Bosch na Champion mambo ni kinyume, namba ikishuka ndiyo baridi inaongezeka. Wapo wanaobadilisha kampuni, wanachukua namba "kubwa" wakidhani wanaongeza usalama, kumbe wanakwenda upande wa hatari.

Impreza WRX nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na NGK namba 6, mfano PFR6G. NGK wenyewe wanashauri kushuka hatua moja ya baridi kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 ulizoongeza. Kila hatua inapunguza joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi. Sasa piga hesabu yako:

1. Gari liko kama lilivyotoka kiwandani, au umebadilisha ekzosi ya nyuma tu: baki na namba ya kiwanda.
2. Umeongeza presha na kompyuta ya injini imepangwa upya: hapo namba 7 ina maana.
3. Umeweka tabo kubwa na gari ni la mashindano: namba 8, baada ya kuongea na fundi aliyepanga hiyo kompyuta.

Ukiweka namba 8 kwenye gari la kwenda kazini na foleni ya Ubungo, plagi zitajaa masizi na asubuhi gari litasumbua kuwaka.

Iridiamu, platinamu au "kopa"?

Zile zinazoitwa "kopa" kwa kweli ncha yake ni nikeli, shaba iko ndani kusaidia kutoa joto. Hata iridiamu ina shaba ndani. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi 2,446, nikeli kwenye 1,455, ndiyo maana iridiamu inaweza kutengenezwa nyembamba kama sindano: milimita 0.6 kwa NGK Iridium IX, wakati ya nikeli ni kama 2.5. Ncha nyembamba inahitaji volti kidogo kurusha cheche na inachelewa kulika. Hizo ndizo faida zake. Haiongezi nguvu za farasi kwenye injini ambayo cheche zake zilikuwa nzima.

Kwa hiyo nikeli namba sahihi inaishinda iridiamu namba mbovu, kila siku. Ila nikeli kwenye tabo usiivushe kilomita 20,000.

Mwanya na urefu wa uzi

Tabo ikisukuma hewa nyingi, cheche inapata shida kuruka. Gari likimisi pale unapokanyaga mafuta mpaka mwisho tu, kitu kimojawapo cha kushuku ni mwanya mkubwa. Kwa tabo iliyoongezwa presha, wengi wanatumia milimita 0.6 hadi 0.7. Ukipima iridiamu tumia kipimo cha waya na mkono mwepesi, usikwanyue kwa kuegemea ile ncha ya kati. Inakatika.

Uzi nao usichezewe. Ndani ya familia hiyohiyo ya injini za Subaru kuna zinazotaka uzi wa milimita 19 na nyingine 26.5. Mrefu kupita kiasi unaweza kukutana na pistoni. Nenda dukani na kodi ya injini na mwaka wa gari, usiende na jina la gari peke yake.

Za bandia

Boksi linaweza kufanana kabisa. Angalia maandishi kwenye kauri kama yamechuja, uzi kama una mikwaruzo, na ile washa: kwenye plagi nyingi za asili haichomoki kirahisi. Kama plagi ina herufi R, ina kizuizi cha umeme ndani. Pima kwa mita kutoka juu hadi ncha ya kati, iko kwenye om 5,000 hivi. Ikisoma sifuri, rudisha.

Kufunga na kusoma

Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, kwa hiyo fundi lazima ahangaike: betri na tangi la maji ya waipa upande mmoja, boksi la chujio la hewa upande wa pili. Simama pale uhesabu plagi nne za zamani zikitoka. Injini iwe imepoa. Plagi iingie kwa vidole kwanza, kisha nusu mzunguko kwa spana, au Nm 25 hadi 30 kama kuna spana ya kipimo.

Usizitupe za zamani, zipange kwa silinda uzisome. Kahawia hafifu au kijivu: safi. Nyeusi kavu: petroli imezidi au plagi ni baridi mno. Zenye oili: ringi, vali au tabo. Nyeupe yenye malengelenge: joto limezidi. Ukiona vitone vya kung'aa kama aluminiamu, zima gari, hiyo ni pistoni yako imeanza kuyeyuka.

La mwisho. Japani petroli yao nzuri inauzwa kama oktani 100, na injini hizi zilipangwa kwa hiyo. Ya kawaida kwenye pampu zetu iko chini. Pia gari lililopangwa Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu, likishuka Mombasa linakutana na hewa nzito zaidi. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo, plagi ya baridi haitakuokoa. Punguza presha, tafuta petroli bora, rudi kwa aliyeipanga kompyuta.

Wenye WRX, Evo na Supra, tuambieni mnatumia namba gani na presha kiasi gani. Tusaidiane kabla ya kuchangishana pesa za ovaholi.