Ushonaji wa Ncha za Zipu katika Mikoba na Mito

Ubora wa zipu iliyoshonwa kwa mkono wa fundi hujulikana zaidi katika ncha zake mbili kuliko katika urefu wake wote, na sababu ya jambo hili imo katika muundo wa zipu yenyewe. Muundo unaotumika hadi leo ulitokana na kazi ya Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Uswidi aliyeishi Marekani, ambaye mwaka 1913 alibuni safu mbili za meno yanayoshikana na mwaka 1917 akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Katika muundo huo kila jino hubanwa na meno ya safu ya pili yaliyo mbele na nyuma yake, hivyo nguvu ya kuvuta hugawanywa kwa meno mengi, lakini jino la mwisho lina jirani upande mmoja tu, na ndilo la kwanza kuachia iwapo ncha haikuimarishwa.

Kwa sababu hiyo zipu iliyokamilika kiwandani huwa na kizuizi, kipande kidogo cha chuma au plastiki kinachozuia kichwa, ambacho ndicho sehemu inayoteleza na kufunga meno, kisichomoke. Zipu inayouzwa kwa mita haina vizuizi hivyo, na zipu ndefu ikikatwa ili ilingane na kazi hupoteza kizuizi cha upande mmoja, hivyo ni wajibu wa mshonaji kutengeneza kingine kwa uzi au kwa kitambaa.

Katika kipochi cha kitenge chenye bitana, yaani kitambaa cha ndani kinachoficha mishono, pembe ya juu hukutanisha tabaka za kitenge, tabaka za bitana na mara nyingi kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa pasi ili kipochi kisimame. Meno na mkanda wa zipu, yaani utepe unaobeba meno hayo, vikiongezwa mahali hapo, mshono huvimba, pembe hubonyea ndani, na sindano ya cherehani inaweza kuvunjika ikigonga jino la chuma. Kanuni inayotatua matatizo haya yote kwa pamoja ni kwamba zipu iishie kabla ya kufikia mshono wa ubavuni, na nafasi inayobaki ichukuliwe na kifuniko cha ncha, yaani kipande kidogo cha kitambaa kinachokumbatia mwisho wa mkanda.

Vipimo vyake hupatikana kwa hesabu nyepesi. Ikiwa kipochi kitakuwa na upana wa sentimita 25 baada ya kushonwa, na akiba ya mshono, ambayo ni ukingo unaobaki nje ya mstari wa kushona, ni sentimita 1 kila upande, kitambaa hukatwa kwa upana wa sentimita 27, na zipu hukatwa kwa urefu wa sentimita 24. Kila kifuniko huanza kama kipande chenye urefu wa sentimita 7 na upana sawa na wa mkanda wa zipu. Miisho yake miwili hukunjwa ndani kwa sentimita 1 na kupigwa pasi, kisha kipande chote hukunjwa katikati, kikabaki na urefu wa sentimita 2.5. Mwisho wa zipu huingizwa sentimita 1 kati ya mikunjo hiyo, na mshono hupitishwa milimita 3 kutoka ukingoni. Zipu na vifuniko vyake hutimiza sentimita 27 kamili, na mshono wa ubavuni hupita milimita 5 nje ya mkanda, ukitoboa kitambaa peke yake.

Kabla ya kufunika ncha ya pili, kichwa husogezwa hadi katikati ya zipu, na mikanda miwili ya upande ulio wazi hushikizwa pamoja kwa bandi, yaani mishono ya muda ya mkono, ili isitawanyike kama herufi V. Meno ya nailoni huweza kushonwa juu yake iwapo gurudumu la cherehani litazungushwa polepole kwa mkono, lakini meno ya chuma yaliyo ndani ya kifuniko hung'olewa kwanza kwa koleo, pasipo kuchana mkanda. Kipochi kinapofungwa pembeni, ncha huelekezwa upande wa bitana, na zipu huachwa wazi angalau nusu, kwa kuwa ikifungwa yote hakuna njia ya kukigeuza kipochi.

Mto wa kochi huhitaji utaratibu tofauti, kwa kuwa zipu yake hulala ndani ya mshono mmoja badala ya kufika pembeni. Kwa foronya ya sentimita 45, zipu ya sentimita 40 hutosha, na sentimita 2.5 za kila mwisho hushonwa kwa mshono wa kudumu unaorudishwa nyuma ili usifumuke, ilhali sehemu ya katikati hupigwa bandi ndefu na kufunguliwa kwa pasi. Zipu hulazwa kifudifudi juu ya mstari huo, hushonwa pande zote mbili kwa mguu mwembamba wa cherehani, kisha mshono hukatisha mkanda nje kidogo ya vizuizi. Bandi ikifumuliwa, ncha zote mbili huwa zimejificha chini ya kitambaa kilichofungwa imara.

Mishono hiyo ya kukatisha hubeba mzigo mkubwa kila mto unapoingizwa ndani ya foronya, hivyo inastahili kurudiwa mara mbili au tatu, na mikia ya mkanda ishikizwe kwenye akiba ya mshono badala ya kukatwa karibu mno. Mkia ulioachwa hivyo una faida nyingine: kichwa kikichakaa, fundi hufumua mishono michache ya ndani, huingiza kichwa kipya, na kushona tena bila kugusa upande unaoonekana, nao mto hurudi kazini badala ya kutupwa pamoja na kitambaa ambacho bado ni kizima.