Bei Inayopanda Mto

Maziwa ya unga yanayouzwa masokoni Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yamesafiri zaidi kuliko wengi wanaoyanunua. Yakishushwa bandarini Matadi, husafirishwa kilometa zipatazo 360 hadi Kinshasa, kisha hupakiwa botini na kupanda mto Kongo kilometa 1,700 hivi. Kiangazi maji yanapopungua, fungu la mchanga linaweza kulishika boti siku kadhaa. Na kila gati lina watu wa leta, yaani wa serikali, wenye daftari la malipo. Risiti ni jambo jingine.

Mwaka 2024, serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa ilisitisha kwa muda baadhi ya kodi na ushuru kwenye vyakula vya lazima vinavyotoka nje, kama mchele, samaki, kuku, sukari na maziwa. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, lakini tuangalie ilifanyia kazi wapi: forodhani. Mlaji wa Kinshasa yuko karibu na forodha ya Matadi. Wa Kisangani aliipata nafuu hiyo baada ya mafuta ya boti, mishahara ya mabaharia, vibarua wa gatini na lile daftari. Kodi inayofutwa mwanzoni mwa safari inaweza kumezwa njiani bila mtu yeyote kuiba.

Njia ya mashariki nayo haina huruma. Barabara ya Taifa namba 4, inayopita Bafwasende na Niania kuelekea Beni na Bunia, hugeuka tope wakati wa mvua, na upande wa Ituri kuna mashambulizi ya waasi. Dereva anayehatarisha roho yake hulipwa kwa hatari hiyo, na malipo yake yamo ndani ya bei ya sabuni anayoileta.

Jambo la kushangaza ni mchele. Mkoa wa Tshopo, ulimo mji wa Kisangani, wenyewe unaulima. Magunia hutoka upande wa Bengamisa na Isangi, mengine yakiletwa mjini juu ya baiskeli. Kwa maoni yangu, daraja moja la mbao lililotengenezwa vizuri kwenye barabara ya shamba lingemsaidia mama wa Kisangani kuliko msamaha wa kodi kwa mchele wa Asia. Tena huo msamaha ulimbana mkulima wa hapa, ambaye hakupewa kitu.

Dola ilitoa somo lilelile la nafuu inayokwama njiani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025 dola moja ilibadilishwa kwa faranga karibu 2,900. Kufikia Oktoba ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Serikali ikawataka wafanyabiashara washushe bei, na wateja wakauliza mbona bei hazitikisiki. Walikuwa na haki ya kuuliza, maana dola ikipanda asubuhi, bei hupanda kabla ya mchana. Ila mwenye duka wa Kisangani alikuwa na mzigo ulionunuliwa kwa faranga nyingi, na bado ulikuwa majini. Kama angeuuza kwa bei mpya, angepata hasara.

Mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kutoka faranga 7,075 kwa siku hadi 14,500, na 21,500 kuanzia Januari 2026. Mwendesha toleka anayebeba abiria kwa baiskeli hana bosi wa kumdai nyongeza hiyo, wala muuza mihogo, wala mvuvi wa jamii ya Wagenia.

Hatua iliyofika nyumbani bila kupanda boti ni elimu ya msingi bila malipo katika shule za serikali. Katiba ya 2006 iliiahidi. Utekelezaji ulianza Septemba 2019. Kabla ya hapo wazazi ndio waliobeba sehemu kubwa ya posho za walimu, mtoto kwa mtoto, muhula kwa muhula. Madarasa yalifurika, na baadhi ya walimu walingoja mishahara kwa muda mrefu, lakini mzigo ulitoka mfukoni mwa mzazi moja kwa moja, na hakuna mtu wa kati aliyeweza kuikata nafuu hiyo njiani. Kwa shule za sekondari, ada bado inalipwa.