Umeme Utokao Katika Betri ya Kurunzi

Watu wengi wa pwani wamepata kuona chokaa ikichomwa. Mawe ya matumbawe hupangwa pamoja na magogo, moto huwashwa, na mawe hutoka meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji, hufoka na kupasuka, mvuke ukapanda, na aliye karibu aweza kuungua. Nasi twauliza: moto huo umetoka wapi, na maji yaliyomwagwa yalikuwa baridi?

Haukutoka katika maji. Magogo yalipowaka, joto lao lilifukuza hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe, na sehemu ya nguvu za joto hilo ikabaki imefungwa katika chokaa. Maji huja kuzifungua, lakini si zote. Hurudisha kupita kidogo thuluthi moja. Zilizosalia hutoka baada ya chokaa kupakwa ukutani, inapovuta tena hewa ile ile ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka, ndiyo maana mkono uwekwao ukutani hauhisi kitu.

Basi vitu vinapogeuka kuwa vitu vingine, nguvu ama huingia ama hutoka. Na mara nyingi zitokapo huwa joto. Je, zaweza kutoka kwa namna nyingine? Na tutwae kipande cha zinki, yaani madini ambayo hupakwa juu ya bati la kuezekea. Kikitiwa katika tindikali hutoa mapovu, kikaliwa, na chombo kikapata joto. Zinki iliwapo huachilia chembe ndogo mno zenye umeme, ziitwazo elektroni. Hapo tindikali huzipokea papo kwa papo, na nguvu zote hupotelea katika joto. Lakini tukiweka zinki upande mmoja na shaba upande wa pili, tukaviunganisha kwa waya, elektroni nyingi hupita katika waya kuifikia shaba, na njiani twaweza kuzitumikisha. Alessandro Volta wa Italia alitangaza jambo hili mwaka 1800. Alipanga sahani za zinki na za fedha zikifuatana, na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi.

Msomaji aweza kujaribu kwa ndimu moja. Achomeke msumari wa bati upande huu na waya wa shaba upande ule, visigusane, kisha aguse ncha zote mbili kwa ulimi: atahisi mwasho mdogo. Watu husema ndimu ina umeme. Sivyo, ndimu ni njia tu, na kinacholiwa ni zinki ya msumari. (Ndimu hiyo isitiwe tena katika chakula.)

Betri ya kawaida ya kurunzi ni ndimu iliyotengenezwa vizuri zaidi. Kopo lake ni zinki. Katikati umo ufito mweusi wa kaboni, ulioshika mahali pa shaba. Umezungukwa na unga mweusi wa manganizi, na kati ya unga huo na kopo kuna uji mzito wa chumvi. Nguvu yake ni volti moja na nusu. Kwa hiyo kopo lenyewe ndilo kuni za betri, na kila usiku tuwashapo kurunzi kopo hupungua unene.

Hapa ndipo wengi wetu hudanganyika. Betri ikififia huanikwa juani, na kweli jioni huwaka kidogo, kwa kuwa joto huharakisha kazi iliyobaki ndani yake. Ila jua halirudishi zinki iliyokwisha kuliwa. Betri ya motokaa ni nyingine, imeundwa ili irudishiwe nguvu kwa kupitishiwa umeme kinyume. Hii ya kurunzi ikitiwa motoni yaweza kupasuka na kumjeruhi mtoto aliyekaa jikoni. Ikiisha na itolewe siku ile ile, maana kopo likitoboka, uji wake huvuja na kula bati la kurunzi.